Barua ya wazi kwa wenye Nishati, Uchukuzi na Jiji la Dodoma: umeme tunao, mafuta hatuna, mbona bado tunatembelea petroli?

Waheshimiwa viongozi wetu, mbukwenyi, na shikamooni kwa wote mnaostahili.

Mimi ni dereva wa bajaji hapa Dodoma, kijiwe changu kiko upande wa Ipagala, kazi hii nimeanza 2018, mwaka uleule mji wetu ulipopewa hadhi ya jiji. Nawaandikia wote kwa pamoja, mnaoshika nishati, mnaoshika uchukuzi, EWURA mnaotangaza bei ya mafuta, LATRA mnaosimamia usafiri wa nchi kavu na Halmashauri ya Jiji, kwa sababu nikimwandikia mmoja atasema hilo siyo langu ni la mwenzangu, na kwangu mimi haya yote ni jambo moja, yanakutana kwenye tanki la bajaji kila siku asubuhi.

Nina kaunta buku moja, mama watoto ndiye aliyeninunulia, akasema kama unalalamika mafuta yanakula hela basi andika tuone yanakula kiasi gani. Nimeandika tangu Januari 2022. Kila siku, lita ngapi, bei gani, hesabu ya kila siku ya bosi mwenye bajaji imetoka au haijatoka, nimerudi nyumbani na shilingi ngapi. Haya ninayowaambia hapa nayatoa humo.

Jumatano ya kwanza ya mwezi kila dereva anaijua kama anavyoijua Idi na Krismasi. Usiku wa kuamkia siku hiyo kijiweni simu inazunguka mkono kwa mkono, tunasubiri jedwali la bei mpya la EWURA, likitoka tunashusha kidole polepole mpaka tufike Dodoma, halafu watu wanakaa kimya au wanashusha pumzi, inategemea. Asubuhi nafika sheli nasema weka ya elfu kumi. Kijana wa pampu anabonyeza, mimi siangalii namba za hela, naangalia za lita, maana za hela zinakimbia na za lita zinasota. Januari 2022 elfu kumi ilinipa lita 4 kasoro kidogo sana. Ikafika Agosti mwaka huohuo petroli ikapita 3,400 kwa lita hata Dar kwenyewe meli zinakoshusha, sisi huku tukaongezewa na ya lori, elfu kumi yangu ikawa haifikishi lita 3. Bajaji ileile, mimi yuleyule, barabara ileile ya kwenda mjini, lita nzima imeyeyuka.

Na najua mtasema vita ya Ukraine, soko la dunia, dola. Ni kweli, sibishi. Nilikaa nikasoma jinsi bei inavyopatikana kwa sababu nilichoka kulaumu yule kijana wa pampu ambaye na yeye ana shida zake. Mafuta yote tunaagiza nje, yanaagizwa kwa pamoja kupitia PBPA, wakala wa serikali wa kuagiza mafuta, yanashuka Dar, Tanga na Mtwara, inapigwa bei ya kule yalikonunuliwa, usafiri wa meli, bima, thamani ya shilingi kwa dola, kodi na tozo, faida ya mwagizaji na ya mwenye sheli, halafu kwa sisi wa kati linaongezwa lori ambalo lenyewe linakunywa dizeli kutuletea petroli. Ndo maana Kondoa na Mpwapwa wanalipa zaidi hata yetu sisi wa mjini. Kiwanda cha kusafisha mafuta tulikuwa nacho, TIPER pale Kigamboni, kilianza miaka ya sitini, siku hizi ni matangi ya kuhifadhia tu. Kwa hiyo mtu akipigana huko mbali au akifunga njia ya meli, mimi wa Ipagala naadhibiwa, na wala hakuna kiongozi yeyote wa Tanzania mwenye uwezo wa kuzuia hilo. Serikali ilitoa shilingi bilioni 100 kupunguza makali ya bei mwezi Juni 2022, nakiri iliokoa watu, niliiona kwenye daftari. Lakini ruzuku ni kama kumpa mgonjwa panadoli, homa inashuka, ugonjwa uko palepale.

Sasa kijiweni kwetu kuna vijana wana matumaini makubwa sana na lile bomba. Wanasema bomba la mafuta linapita mkoani kwetu, Chemba na Kondoa, kwa hiyo subirini petroli itakuwa bei ya maji. Nimebishana nao mpaka sauti imekauka. Jamani, lile bomba la kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani Tanga, kilometa 1,443, sehemu kubwa iko kwetu, linabeba mafuta ghafi, ni mazito kama nta mpaka inabidi bomba lipashwe moto nyuzi 50 hivi ndo yatembee, yakifika Tanga yanapanda meli yanaondoka. Hakuna tone litakaloingia kwenye bajaji ya mtu wa Chemba. Tanzania ina hisa zake kupitia TPDC, shirika letu la mafuta, asilimia 15, na kuna ada ya kupitishia na ajira za ujenzi na fidia za mashamba, hayo ni mapato na ni halali yetu. Lakini kiongozi akisimama jukwaani akaongea habari za bomba kwa namna ambayo mama muuza mboga anaondoka akiamini nauli itashuka, huyo anamdanganya hata kama hajatamka neno hilo. Naombeni mlisemee wazi hili, tena kwa Kiswahili cha kawaida, siyo cha semina.

Halafu kuna la kuchimba kwetu wenyewe. TPDC wanatafuta mafuta kwenye bonde la Eyasi Wembere, linagusa Singida majirani zetu, linagusa Tabora, Shinyanga, Simiyu mpaka Arusha. Mimi siombi wasitafute. Wakipata ni neema. Ila tuangalie wenzetu Uganda, waligundua mafuta Ziwa Albert mwaka 2006, uamuzi wa mwisho wa kuweka hela ya kuyachimba ukafanyika Februari 2022. Miaka 16! Binti yangu yuko darasa la tatu. Hata kesho asubuhi wakiyapata huko Mkalama, Singida, yakaruka juu, kwa mwendo ule binti yangu atakuwa keshaolewa na ana watoto ndo pipa la kwanza linatoka, na hata hilo pipa bila kiwanda cha kusafisha litapanda meli kama la Uganda. Na likibaki hapa bado litauzwa kwa bei ya dunia maana mchimbaji hachimbi kwa hasara. Gesi yetu ya Songo Songo iligunduliwa 1974 ikaanza kutumika 2004. Haya mambo yana muda wake, mimi naongelea hesabu ya Jumatano ijayo.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo pananiuma.

Mwaka 2021 tuliongezewa shilingi 100 kwa kila lita, tukaambiwa ni ya barabara za vijijini na mitaani, za TARURA. Mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa lita ya petroli na dizeli, tukaambiwa ni ya miradi ya kimkakati. Mimi natumia lita 4 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hiyo mia moja ya miradi peke yake ni shilingi 10,400 kila mwezi kutoka kwangu, mtu ninayelala chumba na sebule. Nimeilipa. Sikuandamana, sikutukana mtu, nimeilipa kwenye kila lita. Na nilipopanda ile treni ya umeme kwenda Dar kumzika shangazi niliona hela yangu imefanya kitu, kwa kweli nilitokwa na machozi, siyo ya msiba peke yake. Basi lilikuwa linatula siku nzima barabarani, treni haikutumia hata masaa manne njiani, tena nauli ya daraja la kawaida 31,000, hata kelele ya injini hamna. Na lile bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo 9, megawati 2,115, mimi najihesabu mwekezaji, mdogo sana lakini mwekezaji, nimeweka hela kwa jina la petroli.

Ndo nauliza sasa, umeme nilioulipia kwenye petroli mbona unaishia stesheni? Unashuka kwenye treni ya kisasa kabisa ya umeme, unatoka nje ya geti, unatukuta sisi, bajaji mia na bodaboda mia, wote tunanguruma petroli ya kuagizwa kwa dola. Umeme umekutoa Dar mpaka Dodoma, kutoka stesheni mpaka Ilazo umeme umeshindwa!

Nina jamaa yangu Dar anaendesha bodaboda ya umeme, tulikuwa tunamcheka mwanzoni, saivi anatucheka yeye. Nikapiga hesabu yangu mwenyewe kwa bajaji. Betri ya bajaji ya umeme inakula kama uniti 7 kujaa, na kwa matumizi ya kawaida uniti moja inazidi kidogo shilingi 350, kwa hiyo 2,500 hivi, inakutembeza karibu siku nzima. Mimi lita zangu 4 hata ikiwa ni siku petroli imeshuka mpaka 2,800 ni 11,200. Tofauti ni karibu 8,700 kwa siku moja! Hela hiyo ni ada, ni bima ya afya ambayo familia yangu haina. Na huko kwenye umeme hamna kubadilisha oili, hamna plagi, hamna kabureta.

Kinachonishinda ni kuinunua. Bosi wangu hataki kusikia, anasema hii ya petroli bado haijarudisha hela yake, na mimi simlaumu. Sasa halmashauri zina ile mikopo ya asilimia 10, ya vijana, wanawake na wenye ulemavu, ilisimama 2023 ikarudishwa 2024. Mnatukopesha kwa vikundi, vizuri, lakini ukiangalia tunakopa tunanunua bodaboda na bajaji zilezile za petroli, yaani Jiji linamkopesha kijana hela halafu linamfunga kwa Jumatano ya kwanza maisha yake yote. Jiji la Dodoma lianze, mikopo ya vyombo vya moto iwe ya vyombo vya umeme, na TANESCO, shirika la umeme, na Jiji wakae pamoja waweke sehemu za kuchajia na kubadilishia betri, Nanenane pale stendi, Sabasaba, Majengo sokoni, Nkuhungu, Mtumba. Mtaniambia umeme unakatika. Unakatika, ndiyo, hata jana umekatika kwetu. Lakini na sheli nazo zinakatika, katikati ya 2023 kuna sheli hapa mjini, siitaji, nilifika nikaambiwa mafuta yameisha, usiku bei ikapanda, asubuhi mafuta yakawepo. Umeme ukikatika angalau haukatiki kwa kusubiri bei ipande.

Na mtu wa hazina ataniuliza, wote mkihamia umeme tozo ya barabara nani atalipa. Swali zuri, na sisi hatukatai kulipa barabara. Tutafutieni namna, iwe kwenye leseni ya mwaka au hata kwenye bei ya kuchaji, ila msianze kututoza siku ya kwanza kabla mtu hajamaliza mkopo.

Hapa niongee hata kitu kitakachonipunguzia abiria. Bajaji siyo jibu la mji huu. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 765,179 jijini na tunaongezeka kila siku, wizara zote ziko huku, mji wa serikali uko Mtumba, kilometa kama 17 kutoka katikati ya mji. Asubuhi simama Ihumwa barabarani uangalie. Yanapita mashangingi, yale magari makubwa ya serikali, moja lina dereva na mtu mmoja nyuma anasoma simu, linafuata lingine dereva na mtu mmoja, lingine, yote yanaelekea sehemu moja kwa saa moja, na katikati yake daladala imeinama upande mmoja watu wananing'inia mlangoni. Hayo mashangingi nayo yanakunywa dizeli ya dola, tena kwa hela yetu.

Kuna dada mmoja namjua, ni mhudumu wa usafi kule Mtumba, anakaa Nkuhungu. Anaamka saa kumi usiku. Daladala ya kwanza mpaka mjini, daladala ya pili mpaka Mtumba, na Desemba 2023 nauli ya chini ya daladala ilipanda ikawa 600, piga mwenyewe kwenda na kurudi mara mbili mbili. Jioni moja mwaka jana nilikuwa narudi na bajaji tupu kutoka kupeleka mgeni huko, giza linaingia, upepo wetu ule wa Dodoma wenye vumbi, nikamkuta anatembea pembeni ya barabara kiatu kimoja kimekatika kisigino amekishika mkononi, daladala tatu zimempita zimejaa. Nikamsimamia. Akaniuliza shilingi ngapi kabla hajaniangalia usoni. Nikamwambia panda tu dada. Njia nzima hakuongea, alipofika mjini akasema kaka leo ningefika nyumbani watoto wamelala bila kula. Mtu anayesafisha ofisi inayopanga usafiri wa nchi, anarudi kwa miguu!

Dar wana mwendokasi tangu 2016, pamoja na matatizo yake watu wanapanda. Sisi siyo lazima tusubiri foleni itushinde ndo tuanze kubomoa nyumba za watu kupanua barabara. Dodoma bado ina nafasi, viwanja vilipimwa, barabara zinachorwa sasa hivi, tengeni njia ya basi leo wakati ardhi bado ipo. Anzeni na hiyo Mtumba tu, mabasi makubwa ya umeme 30 au 40, kutoka Nkuhungu kupita mjini kupita Nanenane mpaka Mtumba, yenye ratiba inayoeleweka, na mkurugenzi naye apande humohumo. Sisi wa bajaji tutabaki kuchukua watu vituoni tuwaingize mitaani, Area C, Ilazo, Kisasa, Nzuguni. Hiyo ndo kazi yetu hasa, safari fupi, tena hiyo ndo inafaa betri. LATRA mkitupangia hivyo mapema tukakaa tukaongea, hamtaona mgomo. Mkituletea kwa kushtukiza mtauona.

Na ile reli ya zamani msiisahau. Ilifika Dodoma mwaka 1910, inapita katikati ya mji, upande mmoja inakwenda Ihumwa, upande wa pili Kigwe na Bahi, kwetu nilikozaliwa. Dar walipoamua 2012 waliweka treni ya mjini kwenye reli ya namna hiyohiyo. Bahi watu wanalima mpunga, wanakuja mjini kila siku kwa Noah zilizojazwa mpaka kwenye buti. Treni ya asubuhi na ya jioni, Bahi mpaka Ihumwa. Kichwa kimoja hata kikiwa cha dizeli kinavuta watu ambao sasa hivi wanahitaji Noah 60.

Baiskeli nimeiweka mwisho lakini siyo kwa udogo. Mji huu ni tambarare sehemu kubwa, wazee wetu wa Hombolo na Makulu wameendesha Phoenix miaka yote wakiwa na madumu ya maji na magunia nyuma. Sasa mmejenga barabara nzuri za lami mkamsahau mwenye baiskeli kabisa, anasukumiwa mtaroni, na mtembea kwa miguu ndo kabisa, barabara nyingine hamna hata pa kuweka mguu. Nimeshabeba majeruhi wa baiskeli kwenye bajaji hii mara mbili. Barabara inayojengwa mwaka huu iwe na njia yao, pana, na miti pembeni, hili jua letu mnalijua.

Ile gesi ya magari pia, Dar watu wanafunga mfumo na gharama yao inashuka, sisi tunaisikia. Ileteni, itawasaidia wenye teksi na daladala zilizopo wakati mabasi ya umeme yanakuja.

Kwa EWURA nina ombi moja dogo. Lile jedwali la kila mwezi lije na mstari mmoja wa lugha nyepesi kwa kila mkoa, lita moja ya Dodoma mwezi huu, kiasi hiki kimelipwa nje, kiasi hiki kodi na tozo, kiasi hiki faida, kiasi hiki lori. Kibandikwe kila sheli kwa maandishi makubwa. Nimewahi kumsomea abiria mchanganuo kutoka kwenye simu tukiwa kwenye foleni ya taa, alikuwa anamtukana mwenye sheli, akanyamaza akaanza kuuliza maswali ya maana kuliko niliyowahi kuulizwa na mtu yeyote.

Kaunta buku yangu ya kwanza imejaa, niko ya pili. Mtu yeyote wa ofisi zenu akitaka kuiona nitampa, aipige picha kurasa zote, kila lita iko humo na kila siku niliyorudi bila kitu iko humo. Saa 12 asubuhi niko kijiweni Ipagala, saa 2 nakuwa nimeshapeleka watoto wa shule watatu, baada ya hapo mnanikuta nje ya geti la stesheni ya treni nasubiri wanaoshuka.

Wenu mtiifu,
Dereva wa bajaji, Ipagala, Dodoma